Wauzaji wa sumaku nao waonyeshe njia

Mwalimu aliyenifundisha hesabu katika shule ya msingi alistaafu miaka mingi iliyopita. Nilipomzuru nyumbani kwake hivi majuzi, nilimkuta ameketi barazani, vidole vimepinda na vifundo vimevimba, hata kikombe cha chai akakishika kwa viganja viwili mithili ya mtoto. Mkononi mwake mlikuwa na bangili nyeusi iliyopachikwa vipande vya sumaku. Aliniarifu kwamba alilazimika kuuza mtamba ili ainunue, pamoja na mkeka wa umeme ambao yeye huulalia kila jioni.

"Mwanangu," akaniambia, "wanasema sumaku hii huvuta chuma kilicho katika damu, na damu ikitembea vyema, maumivu huondoka."

Nilimwuliza iwapo maumivu yameondoka. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Siku nyingine huondoka, siku nyingine hurudi." Nilipouliza habari za tembe alizopewa hospitalini, mkewe ndiye aliyejibu. Alisema mzee aliziacha miezi minne iliyopita, kwa kuwa mwuzaji alimwonya kwamba dawa za hospitali huua nguvu za sumaku.

Usiku huo sikupata usingizi. Si kwa sababu ya mtamba, maana mali hutafutwa. Kilichonisumbua ni kwamba viungo vikishaharibika haviwezi kununuliwa tena.

Sikusudii kuwacheka wazee wanaojifunga sumaku. Mfa maji haachi kutapatapa, na anayeamka alfajiri akashindwa kufunga kifungo cha shati lake ana kila haki ya kutafuta nafuu. Aidha, wazee wengi wakienda kutibiwa hungoja kutwa nzima katika foleni, kisha huambiwa kwa mkato kwamba hayo ni mambo ya uzee. Mwuzaji wa sumaku, kwa upande wake, humkalisha mzee kitini, humwita baba, na humsikiliza kwa saa nzima. Ni nani kati yetu asiyevutiwa na anayemsikiliza?

Hata hivyo, huruma haipaswi kutufumba macho. Yafaa tuelewe kwanza ugonjwa wenyewe. Jina baridi yabisi hutumiwa kwa maradhi mengi ya viungo, lakini mawili ndiyo yanayotajwa sana. Katika lile la kwanza, gegedu linalokinga ncha za mifupa huchakaa na kulika, hasa katika magoti, nyonga na vidole. La pili ni lile ambalo kinga ya mwili, badala ya kupambana na viini vya magonjwa, hugeuka na kushambulia utando wa viungo vyenyewe. Vifundo huvimba, huwaka moto, na hatimaye mfupa huliwa. Hili la pili ndilo lililompata Mwalimu wangu. Lina dawa, na mojawapo ni methotreksati, ambayo hutumiwa chini ya uangalizi wa daktari na vipimo vya damu vya mara kwa mara. Dawa hiyo ikianzwa mapema, huweza kuzuia viungo visiharibike. Ikiachwa kiholela, ugonjwa huendelea na kazi yake hata siku ambazo maumivu yamepoa.

Je, sumaku na umeme vina nafasi gani katika haya yote? Hapa ndipo ninapowaomba walimu wa fizikia na wanafunzi wao wanisikilize, kwa sababu wauzaji wamechanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali kabisa.

Mnamo mwaka wa 1831, Michael Faraday alionyesha kule Uingereza kwamba uga wa sumaku unaobadilika huzalisha umeme katika waya. Neno la kutiliwa mkazo ni "unaobadilika". Mwanafunzi yeyote aliyewahi kuingiza sumaku katika koili iliyounganishwa na galvanomita anajua kwamba mshale hucheza sumaku inapoingia na inapotoka, lakini sumaku ikitulia ndani ya koili, mshale nao hutulia. Bangili ya Mwalimu ni sumaku iliyotulia. Tiba wanayoichunguza wataalamu ni tofauti: koili huzungushwa kwenye goti, na mkondo wa umeme hupitishwa humo kwa mapigo, ukiwaka na kuzima, ili uga wa sumaku uwe unabadilika daima. Hiyo ndiyo tiba ya sumakuumeme.

Tiba hiyo haikuzuliwa sokoni. Mwaka wa 1957, wanasayansi wawili wa Japani, Fukada na Yasuda, walionyesha kwamba mfupa ukikandamizwa hutoa umeme kidogo. Ugunduzi huo uliwafanya madaktari wajiulize kama umeme nao ungeweza kuuchochea mfupa ujiunge. Mwaka wa 1979, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia chakula na dawa iliidhinisha vifaa vya mapigo ya sumakuumeme kwa ajili ya mifupa iliyovunjika ikakataa kuunga. Kwa hiyo anayedai kwamba jambo hili lote ni uchawi mtupu amekosea.

Lakini mfupa uliovunjika si kiungo kilicholika, seuze kiungo kinachoshambuliwa na kinga ya mwili. Mwaka wa 2013, watafiti wa shirika la kimataifa la Cochrane walikusanya majaribio tisa yaliyokuwa na jumla ya wagonjwa 636, wote wakiwa na ugonjwa ule wa kwanza wa gegedu kulika. Walipata kwamba waliotumia sumakuumeme walipungukiwa na maumivu kwa takriban pointi 15 katika mizani ya 100, wakilinganishwa na waliofungwa vifaa bandia visivyotoa chochote. Hiyo ni nafuu ya wastani. Ama kuhusu uwezo wa kutembea, kupanda ngazi na kuishi vyema, hawakupata tofauti ya maana. Majaribio yenyewe yalikuwa machache, na wagonjwa hawakuwa wengi. Hakuna popote katika kazi hiyo palipothibitishwa kwamba gegedu lililolika hurudi, wala haikuhusu ugonjwa wa Mwalimu wangu.

Je, bangili? Mwaka huohuo wa 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusu watu 70 wenye ugonjwa hasa kama wa Mwalimu. Kila mmoja alivaa vifaa vinne kwa zamu katika muda wa miezi mitano. Miongoni mwavyo kulikuwa na ukanda wenye sumaku kamili, ukanda ulioondolewa usumaku, na bangili ya shaba. Walipima maumivu, uvimbe na makali ya ugonjwa, na hawakuona kwamba sumaku au shaba ilileta faida ya maana kuliko kifaa bandia.

Ama dai la kwamba sumaku huvuta chuma cha damu, hilo lingeweza kujibiwa na mwanafunzi wa shule ya upili. Chuma kilicho katika damu hakiko kama msumari. Kimefungamana na chembechembe za himoglobini, na hakivutwi na sumaku kwa namna hiyo. Mgonjwa anayeingizwa katika mashine ya MRI huzungukwa na uga wa sumaku wenye nguvu ya tesla 1.5 au zaidi, ilhali damu yake huendelea kuzunguka kama kawaida. Kama damu ingekuwa ya kuvutwa na bangili, hakuna ambaye angetoka katika mashine hiyo akiwa hai.

Mtu ataniuliza: mbona basi wapo wanaoapa kwamba walipona? Swali hilo si geni. Mwishoni mwa karne ya 18, daktari mmoja wa Marekani kwa jina Elisha Perkins alivumbua vijiti viwili vya madini, akapewa hataza mwaka wa 1796, na akadai kwamba vikipitishwa juu ya ngozi huondoa maumivu kwa kuvuta umeme mbaya mwilini. Vijiti hivyo viliuzwa kwa bei ya juu hadi Uingereza, na sifa zake zikaenea kila mahali. Mwaka wa 1799, daktari John Haygarth wa mji wa Bath alichonga vijiti vya mti, akavipaka rangi vifanane na vya madini, kisha akavitumia kwa wagonjwa watano wenye maumivu sugu ya viungo. Wanne kati ya watano walisema wamepata nafuu. Kesho yake akatumia vijiti halisi, na matokeo yakawa karibu yaleyale.

Wagonjwa wale hawakuwa waongo. Matumaini, mguso wa daktari na kuhudumiwa kwa makini huweza kupunguza uchungu anaousikia mtu. Zaidi ya hayo, maumivu ya viungo yana desturi ya kupanda na kushuka yenyewe. Mtu hanunui bangili siku anayojisikia vyema; huinunua siku ambayo maumivu yamefika kileleni. Baada ya hapo maumivu hushuka, kama ambavyo yangeshuka bila bangili, na sifa zote hupewa sumaku. Ndiyo maana ushuhuda wa mtu mmoja, hata awe mkweli namna gani, haitoshi kuwa ushahidi. Lazima tulinganishe, na kifaa cha kulinganishia kifanane na kile halisi hata mgonjwa asijue amefungwa kipi.

Hapa namrudia Mwalimu wangu. Alipokuwa akisahihisha madaftari yetu, jibu lililo sahihi halikumridhisha likiwa peke yake. Aliandika kwa wino mwekundu: "Onyesha njia." Aliyenakili jibu kwa mwenziwe alikamatwa hapo. Naona maneno hayo ndiyo tunayopaswa kuwaambia wanaozunguka na sumaku, mikeka na mashine zinazodai kusoma maradhi yote ya mwili kwa dakika moja. Jibu lao tumelisikia: umepona. Sasa waonyeshe njia. Kifaa hiki kimejaribiwa kwa wagonjwa wangapi? Wa ugonjwa upi? Kimelinganishwa na nini? Kimesajiliwa na nani? Wahenga hawakukosea waliposema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Serikali nayo isikae kando. Bodi ya Famasia na Sumu ina jukumu la kusimamia vifaa vya tiba pamoja na dawa. Haitoshi kukagua maduka ya dawa mijini ilhali kumbi za sokoni zimeachiwa kila mwenye kipaza sauti. Anayemshawishi mgonjwa aache dawa aliyoandikiwa na daktari hafanyi biashara tu, anahatarisha maisha. Vilevile, mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani anaweza kudhurika akikaribia sumaku yenye nguvu au uga wa sumakuumeme, na ni nani sokoni anayemwuliza mzee kuhusu moyo wake kabla ya kumlaza mkekani?

Madaktari pia wana sehemu yao. Mgonjwa akielezwa kwa lugha anayoielewa kwamba anatumia dawa ili kuokoa kiungo cha kesho, wala si kutuliza uchungu wa leo pekee, hataiacha kwa urahisi. Na yule ambaye gegedu lake limelika aelezwe kwamba mazoezi ya mara kwa mara na kupunguza uzito vimethibitishwa kumfaa, tena havimgharimu mtamba. Anayetaka kuongeza tiba ya sumakuumeme, na ana uwezo, ajadiliane na daktari wake, akijua kwamba anatafuta nafuu kiasi ya maumivu wala hatafuti muujiza.

Lakini tegemeo langu kubwa ni darasa. Wanafunzi wetu hukariri kanuni ya Faraday, hupita mtihani, kisha hurudi nyumbani na kumtazama babu akinunua sumaku bila wao kutamka neno. Ikiwa elimu haivuki lango la shule, tunaipatia nini jamii? Mwalimu wa sayansi anaweza kutenga kipindi kimoja, akaleta bangili ya aina hiyo, galvanomita na koili, akawaacha wanafunzi wajionee wenyewe kisha waeleze walichokiona. Wa Kiswahili anaweza kuwapa matangazo ya wauzaji wayachambue neno kwa neno. Na mwanafunzi akirudi nyumbani, amwulize babu kwa adabu, bila dharau. Kuuliza si ujinga.

Kabla sijaondoka siku ile, nilimkumbusha Mwalimu wino wake mwekundu. Alicheka hadi machozi yakamtoka. Kisha akamwambia mkewe alete kadi ya kliniki, akaisoma tarehe aliyopaswa kurudi, ambayo ilikuwa imepita zamani. Juma lililofuata nilimsindikiza. Daktari alimpima damu na kumwanzishia tena dawa, ila alitueleza bila kuficha kwamba vidole vilivyokwisha kupinda katika miezi ile havitanyooka.

Bangili angali anaivaa. Sikumwomba aivue.