Kericho na Bomet: mchuma chai ahame au abaki?

Kila wiki malori ya chai kutoka Kericho na Bomet huteremka hadi Mombasa. Chai hiyo hupokelewa kwenye maghala ya Shimanzi na Changamwe, kisha huuzwa kwa dola katika mnada ambao umekuwa ukifanyika mjini mwetu tangu 1969. Vijana wetu wengi hula kwa kubeba magunia hayo. Bei ya chai ikipanda au ikishuka, sisi Pwani ni miongoni mwa wa kwanza kusikia. Lakini huko chai inakotoka kuna jambo ambalo halionekani kwenye bei ya mnada. Maelfu ya familia zinazoishi ndani ya mashamba makubwa zinajiuliza kama zibaki au zihamie kaunti nyingine.

Swali hilo lina sababu tatu. Ya kwanza ni mashine. Mashine za kuchuma chai zilianza kuingia Kericho miaka mingi iliyopita, na mgomo wa 2010 ulihusu mashine hizo hizo. Mei 2023 hasira zilifika kilele pale waandamanaji walipochoma mashine tisa za kampuni ya Ekaterra. Kikosi kazi kilichoundwa na serikali ya kaunti kilipendekeza asilimia 60 ya chai ichumwe kwa mashine na 40 kwa mkono, na mjumbe wake mmoja aliwaambia waandishi wa habari kwamba ajira 30,000 zilikuwa zimepotea Kericho katika muda wa miaka kumi. Kampuni nazo zina hoja yao: gharama ya uchumaji kwa mkono ni kubwa na bei ya mnada haisubiri mtu. Ukubali hoja hiyo au uikatae, mashine haitarudi ilikotoka.

Ya pili ni kubadilika kwa wenye mali. Mashamba yaliyokuwa ya Brooke Bond, baadaye Unilever, yaliuzwa kwa wawekezaji wa CVC mwaka 2022. Mwaka 2023 mashamba ya James Finlay yakaenda kwa kampuni ya Browns kutoka Sri Lanka, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba Browns hao hao wananunua na yale ya Lipton, yaani yaliyokuwa ya Unilever. Mtu aliyeajiriwa akiwa kijana amebadilishiwa mwajiri mara mbili au tatu bila kuondoka kwenye nyumba ile ile.

Ya tatu ni siasa. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, na katika mashamba ya chai uchaguzi una kumbukumbu nzito. Mwishoni mwa 2007 wachuma chai waliotoka jamii nyingine walivamiwa ndani ya mashamba, wengine wakauawa, wengi wakakimbia kuelekea Kisii na Nyanza. Watu 218 walijaribu kuishtaki Unilever nchini Uingereza, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa huko ikasema kesi dhidi ya kampuni mama haiwezi kuendelea. Kabla ya hapo kulikuwa na mapigano ya 1991 na 1992 kwenye mipaka ya Kericho na maeneo jirani. Nasi wa Pwani tusijifanye hatuyajui mambo haya. Agosti 1997, baada ya kituo cha polisi cha Likoni kuvamiwa, wafanyakazi wa bara walifungasha mizigo yao na kuondoka Likoni na Kwale kwa namna hiyo hiyo.

Wengi wakizungumzia kuhama huanza na mshahara: huko ninakokwenda nitalipwa ngapi? Kwa mchuma chai, mimi naona swali la kwanza ni jingine. Paa ni la nani?

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba au posho ya nyumba. Kampuni za chai zilichagua nyumba tangu enzi za mkoloni, kwa sababu zilihitaji watu wengi karibu na majani. Pamoja na nyumba kukaja zahanati, shule na maji. Hayo yote ni mazuri, lakini yote yamefungwa kwenye kazi. Siku kazi inapokwisha, nyumba inakwisha, zahanati inakwisha, na mtoto anayesoma hapo inabidi atafutiwe shule nyingine katikati ya muhula. Wazee wetu walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mtu anaweza kuishi miaka 25 katika nyumba ya kampuni, akazalia humo na kulea humo, na bado asiwe na hata bati moja la kwake.

Msomaji wa Majengo au Kisauni atalielewa hili haraka. Mombasa tuna utaratibu wa nyumba bila ardhi: wewe umejenga nyumba, mwenye ardhi ni mwingine, na unamlipa kodi ya ardhi. Tunajua hofu ya siku mwenye ardhi atakapokuja na tingatinga. Lakini hata mtu wa Kisauni ana kuta anazoweza kuziuza au kumrithisha mwanawe. Mchuma chai hana hata hizo.

Sasa tuangalie fedha anazoondoka nazo. Kifungu cha 40 cha sheria hiyo kinasema mfanyakazi anayepunguzwa kwa sababu kazi yake haihitajiki tena alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia, na chama cha wafanyakazi na afisa wa leba wapewe taarifa ya mwezi mmoja. Fanya hesabu. Aliyefanya kazi miaka 20 anapata mshahara wa siku 300, yaani kama miezi kumi. Mkataba wa chama ukiwa bora, atapata zaidi. Kwa fedha hizo anatakiwa kusafirisha familia, kupata mahali pa kulala, kulipa karo na kuanza shughuli mpya. Mtu mwenye nyumba yake atazitumia kununua ng'ombe au kufungua duka. Asiye na nyumba atazimaliza kwenye kodi.

Kwa hivyo njia zilizo mbele yake ni tatu, na kila moja ina bei yake.

Njia ya kwanza ni kurudi kwao. Wengi wa wafanyakazi wa asili ya mbali walitoka Kisii, Nyamira, nchi ya Waluo na Magharibi. Nyamira inapakana na Kericho na Bomet, kwa hivyo nauli si tatizo. Tatizo ni ardhi. Mashamba ya Kisii na Nyamira yamegawanywa na kugawanywa tena hadi mengine hayatoshi kulisha nyumba moja. Mwanamume aliyekuwa akituma fedha na kujenga kibanda kwao atapokewa. Aliyekuwa akirudi kwa mazishi tu atakuta nduguze wamelima hadi mlangoni. Kwa mwanamke ni vigumu zaidi. Katiba ya 2010 inampa binti haki sawa ya kurithi, lakini mama aliyeachika au mjane anayerudi kwa babake na watoto wanne anajua kwamba kushinda kesi na kuishi kwa amani na kaka zake ni mambo mawili tofauti.

Njia ya pili ni kubaki Kericho au Bomet, nje ya shamba la kampuni. Miji kama Litein, Kapkugerwet na Mogogosiek ina vyumba vya kupanga, na wapo waliojinunulia ploti. Katiba, ibara ya 39, inampa kila Mkenya haki ya kuishi popote nchini. Kwa aliyezaliwa kambini na kuzoea mvua na baridi ya huko, hapo ndipo kwao. Watoto wake wanazungumza Kipsigis na rafiki zao wako pale. Lakini lazima ajue anaingia kwenye mjadala wa ardhi ambao haujaisha. Wakipsigis na Watalai wanadai ardhi waliyonyang'anywa na Waingereza. Watalai walihamishwa kwa sheria ya 1934 na kupelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, wakakaa huko hadi kukaribia uhuru. Mwaka 2022 walalamishi walifika hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Madai hayo ni ya kweli na anayeyabeza haijui historia. Lakini mashamba yanapouzwa na hisa za jamii zikajadiliwa, jamii inayotajwa ni ya wenyeji. Mchuma chai aliyetoka Siaya, hata akiwa amechuma miaka 30, hana kiti kwenye mkutano huo.

Njia ya tatu ni kwenda mahali pengine kabisa: Nakuru, Nairobi, au huku kwetu. Anayekuja Mombasa aambiwe ukweli. Kazi ya ghalani na bandarini hutolewa kwa siku, na chumba cha Changamwe hakimsubiri mtu aliyekosa kazi wiki mbili. Atakuwa ameacha nyumba ya mwajiri na kuingia nyumba ya mpangishaji. Kijana wa miaka 22 asiye na mtoto anaweza kubahatisha. Baba wa watoto watano asikimbilie mji kwa sababu ya simu ya rafiki mmoja. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Ipi bora? Hakuna jibu moja, ila kuna kanuni moja ambayo naamini inafaa wote: uamuzi wa kuhama ufanywe mtu akiwa bado na kazi. Barua ikishafika, huo si uamuzi tena bali ni kufukuzwa. Aliye na mshahara leo, hata mdogo, anaweza kuweka akiba kwenye sako, kununua ploti ndogo kwa miaka mitano, kwenda kwao na kumaliza suala la urithi wazee wangali hai, au kuhamisha mtoto mmoja shule ya nje ya shamba ili aonje maisha ya huko. Anaweza kuhakikisha michango yake ya NSSF imefika na kwamba bima yake ya SHA haitakatika siku atakayoacha kazi. Anaweza pia kuamua atapiga kura wapi, kwa sababu diwani anayegawa basari huwaangalia kwanza wapiga kura wake.

Kuna fundisho karibu na nyumbani. Kiwanda cha sukari cha Ramisi, Kwale, kilipokufa mwaka 1988, wafanyakazi walibaki wakisubiri kifufuke, na miaka ikapita. Katika kaunti hiyo hiyo, Base Titanium ilisimamisha uchimbaji Disemba 2024, lakini ilikuwa imetangaza mapema kwamba madini yanakwisha. Waliofanya kazi Base walikuwa na tarehe. Si wote walioitumia vyema, lakini aliyetaka kujipanga alipata nafasi ya kujipanga. Mchuma chai hajapewa tarehe. Mashine inaingia shamba moja baada ya jingine, na kila mtu anaomba isifike kwake kwanza.

Ndiyo maana mzigo huu usiachiwe familia pekee. Kampuni zinapopanga kuleta mashine, zinajua zitaleta ngapi na katika mashamba gani. Ziwaambie wafanyakazi miaka miwili kabla, si mwezi mmoja. Chama cha wafanyakazi wa mashambani, ambacho kila mara kimepigania nyongeza ya mshahara, kiweke mezani suala la makaazi: mfanyakazi wa muda mrefu achague posho ya nyumba badala ya nyumba ili aanze kujenga kwake mapema, na anayestaafu apewe muda wa kuhama hadi muhula wa shule uishe. Serikali za Kericho na Bomet nazo ziamue kama watu hawa ni wakaazi wao au ni wageni wa kampuni. Zinahesabu vichwa vyao zinapodai mgao kutoka Nairobi, basi ziwahesabu pia zinapopanga makaazi na basari.

Na sisi wa Mombasa tuna sehemu yetu. Chai ya mashine na chai ya mkono zote hupita mnadani kwetu, na vijana wetu wa ghalani huishi kwa chai hiyo. Baadhi ya walioachishwa kazi huko watashuka na malori hayo hayo kutafuta riziki hapa. Wakifika tusiwapokee kwa yale maneno ya 1997. Tuwaeleze bei ya chumba, tuwaambie kazi ya ghalani inalipa ngapi kwa siku, na wakiuliza kama walifanya vyema kuja, tuwajibu kwa ukweli.