Vijiti Vimejaa, Intaneti Imelala

Hoja mmezisikia. Wauza busta za kukuza mawimbi wanazisema, makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara yanazirudia, na siku hizi hata watu ambao kazi yao ni kujua zaidi wanazitoa bila kusita. Zote zinaishia mahali pamoja: duka la pembejeo, kibanda cha wakala au ofisi ya ushirika wa mazao (AMCOS) kijijini ikisumbuliwa na mtandao, kipo kitu kimoja cha kununua au cha kusubiri, na shida imekwisha. Nimezichambua hoja hizo na nimekuta sita ndizo zinazobeba mzigo wote. Nazileta kama zinavyosemwa, bila kuzipunguzia nguvu, ninyi mhukumu. Dai langu ni moja: mawimbi hafifu na intaneti ya polepole ni matatizo mawili tofauti, na anayekuuzia suluhisho kabla ya kupima una lipi kati ya hayo mawili anabahatisha kwa fedha zako.

Hoja ya kwanza: tazama vijiti juu ya kioo cha simu, vikijaa mtandao ni mzuri, vikipungua ni mbaya. Kuna chembe ya ukweli hapa, kwa sababu vijiti hufuata nguvu ya mawimbi. Lakini hakuna kipimo cha pamoja kinachosema kijiti kimoja ni sawa na nguvu gani. Kila mtengenezaji wa simu huamua mwenyewe. Weka simu mbili za kampuni tofauti juu ya kaunta moja, zote na laini za mtandao mmoja, usishangae moja ikionyesha vinne na nyingine viwili. Kipimo cha kweli kimo ndani ya simu hiyohiyo. Kwenye Android nyingi, fungua mipangilio, nenda sehemu ya taarifa za simu, kisha hali ya laini, utaona namba hasi yenye alama ya dBm. Kwa 4G, -80 ni mawimbi mazuri, -100 ni hafifu, na ukishuka chini ya -110 utahangaika. Kila tofauti ya 10 ni mara kumi ya nguvu, kwa hiyo simu inayosoma -110 inapokea mawimbi dhaifu mara elfu moja kuliko inayosoma -80. Na bado namba hiyo haisemi mawimbi ni safi kiasi gani, wala watu wangapi wanagawana mnara kwa saa hiyo. Basi muuzaji anapowasha kifaa chake na kukuonyesha vijiti vikipanda, ushahidi alioleta mbele yenu ni picha ndogo iliyochorwa na kiwanda cha simu.

Hoja ya pili ndiyo mama wa zote: busta huongeza intaneti. Niitendee haki. Busta ni kifaa halisi, kinachofanya kazi halisi. Antena ya nje hupokea mawimbi, kifaa huyakuza, antena ya ndani huyasambaza. Simu ikijibu, safari hurudi kinyume. Pale ambapo nje kuna mawimbi mazuri na ndani hakuna, kinaweza kusaidia. Ila hoja haisemi hivyo. Inasema huongeza intaneti, na hapo ndipo inapoporomoka. Kikuzaji hukuza kilichopo, pamoja na kelele iliyochanganyika nacho. Mawimbi yakifika machafu juu ya paa, yatafika machafu ndani ya duka, kwa sauti kubwa zaidi. Mnara ukiwa umeelemewa na wateja, busta haiwapunguzi hata mmoja.

Kisha soma maandishi ya boksi. Busta nyingi za bei nafuu hukuza masafa ya 900 MHz peke yake, ambako 2G na baadhi ya 3G huishi. Ikiwa 4G ya mtandao wako inarushwa kwenye 800 au 1800, kifaa hakiigusi kabisa. Matokeo yake yanachekesha kama hujalipa wewe: simu inaona 900 yenye nguvu, inaiacha 4G dhaifu na kuikimbilia, vijiti vinajaa, na intaneti inakuwa polepole kuliko kabla hujanunua. Tangazo linalosema kifaa ni cha mitandao yote halikutaja masafa hata moja.

Ukinzani mkubwa zaidi uko kwenye ufungaji. Unaambiwa utafunga mwenyewe kwa dakika chache. Kikigoma, unaambiwa ulifunga vibaya. Kauli mbili hizi haziwezi kusimama pamoja. Busta yenye ukuzaji wa 70 dB hudai kwamba antena ya nje na ya ndani zitenganishwe kwa zaidi ya kiwango hicho, la sivyo kifaa kinajisikia chenyewe na kuanza kuvuma, kama maikrofoni iliyosogezwa karibu na spika msibani. Katika duka la mita nne kwa tano, utengano huo haupatikani kwa bahati. Na kifaa kinachovuma hakimsumbui mwenyewe tu. Hurusha kelele hadi mnarani na kuharibu mawasiliano ya kijiji kizima, mwenye busta akiwemo.

Hoja ya tatu: busta ingekuwa haramu isingeuzwa mchana kweupe Kariakoo. Tukikubali mantiki hii, hakuna bidhaa bandia nchini, kwa sababu nazo zinauzwa mchana kweupe. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, masafa hutumiwa kwa leseni, na vifaa vya mawasiliano vinatakiwa kuwa vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Busta si redio ya kusikilizia. Inarusha mawimbi kwenye masafa ambayo kampuni ya simu ndiyo yenye leseni. Kwa hiyo maswali ni mawili: je, kifaa kimeidhinishwa, na je, mwenye masafa amekubali? Muuzaji anayejibu kwamba wengi wanazo hajajibu hata moja. Linganisha na ruta ya laini iliyoidhinishwa, yenye matundu ya kuunganisha antena ya nje. Antena haikuzi chochote wala haina mtambo wake wa kurusha. Inakusanya tu mawimbi kutoka upande mnara uliko. Shida nyingi za duka la kijijini zinaishia hapo, ila kwa masharti ambayo matangazo huyaruka. Waya mwembamba wa kawaida hupoteza takribani nusu desibeli kwa kila mita kwenye 900 MHz, na zaidi kwenye masafa ya juu. Mita 15 za waya huo humeza karibu faida yote ya antena. Ruta ikae karibu na antena, na Wi-Fi ndiyo isafiri.

Hoja ya nne hutoka upande wa pili, kwa wanaotoa huduma: intaneti ikiwa polepole, tatizo liko kwenye mkongo wa baharini. Huwa ni kweli, mara chache. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu na Afrika Mashariki ikalipia. Lakini tazameni jinsi kisingizio kinavyojiumbua. Waya wa baharini ukikatika, Dar es Salaam na Makete zinaumia siku moja. Ikiwa mjini watu wanatazama video na duka lako haliwezi kutuma picha ya ankara, bahari haihusiki. Pima saa kumi na moja alfajiri, pima tena saa mbili usiku, ukiwa umekaa palepale. Namba ya dBm ikibaki ileile na kasi ikaanguka usiku, mawimbi yako ni mazima na mnara umeelemewa. Hapo usinunue kifaa cha aina yoyote. Peleka vipimo vyako kwa kampuni ya simu, na ikikaa kimya, vipeleke TCRA. Au hamia mtandao ambao mnara wake hauna msongamano huo. Laini mpya ni ya bei ndogo kuliko busta.

Hoja ya tano: subirini mnara, serikali inajenga. Inajenga kweli, na sitaibeza kazi hiyo. Mei 2023, mjini Dodoma, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitia saini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Ila mpango huohuo uliweka pia kazi ya kuiongezea nguvu minara 304 iliyokuwa ikitoa 2G, ipate 3G na 4G. Yaani wenye mpango wenyewe wamekiri kwamba mnara kuwepo na intaneti kuwepo ni mambo mawili. Tena minara mingi ya vijijini haikufikiwa na nyaya za mkongo. Hupeana data kwa maikrowevu, mnara hadi mnara, na kiungo chembamba kimoja njiani ndicho kinachoamua kasi ya wote walio mbele yake. Na kusema kata imefikiwa si kusema chumba chako kimefikiwa. Lushoto, ambako safu za Usambara huyakinga mabonde, duka la bondeni linaweza kukosa mawimbi ya mnara ulio kilomita tatu nyuma ya mlima, huku duka la mbali zaidi, ng'ambo ya bonde, likiyapata vizuri. Ongeza paa la bati, au mbaya zaidi, duka la kontena. Kontena ni sanduku la chuma. Mawimbi huingia kwa mlango na dirisha tu. Toka nje hatua chache, soma dBm. Ikiruka kwa 15 au 20, mnara umeshafanya kazi yake na kuta zako ndizo mshtakiwa.

Hoja ya sita: setilaiti imemaliza mjadala. Hii ina nguvu kuliko zote. Kenya ilipata Starlink Julai 2023, na kwa shamba au hoteli isiyo na mnara karibu, ni mabadiliko makubwa kweli. Lakini msongamano haukuishia ardhini: Novemba 2024 huduma hiyohiyo ilisitisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa. Umeme nao ni hesabu. Kifaa hula makumi ya wati muda wote, wakati ruta ndogo ya laini hutosheka na sola ya kawaida. Kubwa kuliko yote, setilaiti hukupa intaneti, haikupi mtandao wa simu. Wakala wa M-Pesa anayepiga *150*00# anatumia USSD, na USSD hupita kwenye mtandao wa simu. Namba ya siri ya mara moja ambayo benki hukutumia kwa ujumbe mfupi nayo hupita hukohuko. Unaweza kuwa na sahani juu ya paa, video zinatiririka, na mteja akaondoka bila kutoa fedha zake kwa sababu menyu haikufunguka. Kwa wakala huyo, 2G safi inayofika hadi kaunta ina thamani kuliko mamia ya megabiti.

Sasa ziwekeni hoja sita mezani pamoja. Ya pili inasema tatizo ni mawimbi yako. Ya nne inasema ni bahari. Ya tano inasema ni mnara ambao haujaja. Ya sita inasema achana na minara. Zote haziwezi kuwa kweli kwa duka moja, lakini zote husemwa kwa duka lolote, na mara nyingine na mtu yuleyule, kutegemea ana nini cha kuuza wiki hiyo. Hakuna hata moja inayoanza kwa kuuliza duka likoje, limeezekwa kwa nini, linatumia USSD au intaneti, na ni lini hasa linakwama.

Mzigo wa ushahidi uko kwa anayeuza. Mwambieni aandike dBm ya ndani, ya nje na ya juu ya paa kabla ya kufunga, apime kasi alfajiri na usiku, ataje masafa ya kifaa chake na aonyeshe idhini ya TCRA. Kisha apime tena baada ya kufunga, na malipo yafuate vipimo. Mwenye hoja ya kweli hatapoteza chochote kwa masharti hayo. Atakayekataa atakuwa amejitolea hukumu mwenyewe.