Binti Asisimame Foleni Uwanjani

Tangu Angella Okutoyi wa Kenya alipotwaa ubingwa wa wasichana wa Wimbledon mwaka 2022, akicheza wawili wawili pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, si ajabu mzazi kutamani bintiye naye ashike raketi. Kwa jamaa zetu waishio Kitengela na kwingineko Kajiado tuna ombi moja: kabla ya kulipa ada, kaeni mtazame mazoezi.

Mkikuta watoto 12 wamepangwa mstari mmoja mbele ya kocha, pigeni hesabu. Akirusha mpira kila baada ya sekunde 5, kila mtoto hupiga mara moja kwa dakika. Sekunde 55 zilizosalia ni za kusimama juani na kushikilia ushungi usipeperushwe na upepo wa nyika. Binti wa namna hiyo akiacha baada ya mwezi tusimwite mvivu. Tenisi yenyewe hajaicheza.

Tiba haihitaji fedha nyingi. Uwanja wa kawaida, wenye urefu wa mita 23.77, hugawanyika kwa upana ukatoa viwanja vinne vidogo vya watoto. Mipira myekundu ya wanaoanza huenda polepole zaidi, kwa asilimia 75 hivi, kuliko ile ya wakubwa. Basi wekeni watoto watatu kila kiwanja: wawili wacheze, wa tatu ahesabu pointi kwa sauti, kisha wabadilishane kila baada ya dakika chache. Pasipo uwanja, ua wa shule, kamba iliyofungwa usawa wa sentimita 80 na mistari ya chaki vyatosha. Mipira ya sponji tusingeishauri kwa Kitengela, upepo huichukua.

Mchezo wa "aliyekosa atoke" ndio unaotuudhi zaidi. Asiyejua ndiye atokaye kwanza, na ndiye aliyehitaji kupiga zaidi. Aliyekosa na ahamie kiwanja cha pili, aendelee kucheza. Kocha naye asihutubu. Aonyeshe jambo moja kwa dakika moja, kisha azunguke akimsahihisha kila mtoto palepale achezapo.

Mama aliyekaa pembeni aweza kumsaidia. Achague mtoto mmoja, si lazima awe wake, ahesabu mipira anayoipiga kwa dakika 10, kisha ampelekee kocha idadi hiyo kwa upole mazoezi yakiisha.