Kisichojulikana Angani Kiandikwe, Asisingiziwe Mtu

Novemba 2004, marubani wa kivita wa Marekani waliokuwa juu ya Pasifiki, karibu na California, waliona kitu cheupe chenye umbo la kidonge. Hakikuwa na mabawa wala hakikutoa moshi. Kamanda David Fravor alipokisogelea, kikachomoka kasi, kikapotea.

Juni 2021, ofisi ya mkurugenzi wa ujasusi wa nchi hiyo ilichapisha ripoti ya matukio 144 ya vitu visivyojulikana angani, mengi yakiwa yameripotiwa na wanajeshi. Moja tu lilipatiwa jibu la uhakika: lilikuwa puto kubwa lililokuwa likiishiwa hewa. Yaliyobaki yaliachwa bila maelezo. Machi 2024, Pentagon ikasema haijapata ushahidi wowote wa vyombo vya viumbe kutoka sayari nyingine.

Jeshi lenye rada na kamera kukiri kwamba halijui si jambo la aibu. Aibu ni kubuni jibu.

Ukanda wetu wa Afrika Mashariki nao una visa vyake. Februari 1951, rubani Jack Bicknell wa East African Airways, akitoka Nairobi kwenda Mombasa, aliripoti kwamba yeye na abiria wake waliona kitu cha ajabu kikining'inia juu ya Kilimanjaro. Hadi leo kisa hicho kinasimuliwa tu. Ni tofauti na kisa cha kijiji cha Mukuku, Makueni, ambako pete ya chuma yenye uzito wa takriban kilo 500 ilianguka Desemba 30, 2024. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilifika, likazuia watu, likaichukua, na baada ya siku chache likaeleza kuwa ni kipande cha roketi.

Ushirombo, wilayani Bukombe, inahitaji utaratibu huo kuliko Washington. Huku Geita na Shinyanga, kinachomulika usiku juu ya mapaa hakikawii kuitwa ungo wa wachawi, na ungo hutafutiwa mwenyewe. Vikongwe wameuawa Kanda ya Ziwa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa kosa la kuwa na macho mekundu, wakati moshi wa jikoni ndio uliowaharibu macho. Taa zinazopita zikifuatana mstari mmoja huenda ni setilaiti za Starlink, wala hazimhusu bibi wa jirani.

Ofisi ya mtendaji wa kijiji iwe na daftari la matukio hayo: saa, upande wa anga, muda na majina ya walioona. Nakala ipelekwe wilayani Bukombe, kisha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Lisilopata jibu libaki daftarini bila jina la mtu.