Maji Yaliyotuama Uani na Haki ya Jirani

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Mvua ni rehema, na Muislamu haruhusiwi kuitukana. Mola wetu, katika Surat Al-Furqan aya ya 48, ameyaeleza maji yatokayo mbinguni kuwa ni maji ya kutoharisha. Lakini maji hayo hayo yakiachwa yakae wiki tatu nyuma ya jiko, yakageuka kijani na kunuka, hatuwezi kusema kuwa hiyo nayo ni rehema. Hapo kosa ni letu, kwa kuwa tumepokea neema tusiipangie njia.

Katika Nyanda za Juu Kusini mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na huendelea hadi Aprili. Kule Rungwe huchelewa zaidi kukatika. Miji yetu imejengwa juu ya miteremko. Mbeya imelala chini ya Mlima Loleza, na maji yake hushuka kuelekea Mwanjelwa na Ilomba. Iringa imekaa juu ya kilima, na maji yake huteremka hadi Ipogolo kwenye Mto Ruaha Mdogo. Kwa hiyo karibu kila mmoja wetu yuko juu ya jirani fulani na chini ya jirani mwingine. Aprili 2024 tuliona Itezi, jijini Mbeya, tope la Mlima Kawetire likifunika nyumba za watu na majengo ya shule. Mtaro wa uani hauzuii mlima kuporomoka, lakini tukio lile litukumbushe kuwa maji yana njia yake, na atakayeipuuza atafundishwa.

Madhara ya dimbwi tunayafahamu. Unyevu hupanda ukutani, na tofali la udongo humomonyoka kutoka chini. Shimo la choo hujaa na kufurika, na uchafu huingia kwenye kisima na kwenye miguu ya watoto. Wako wanaosema kuwa huku kwetu ni baridi, hakuna mbu. Ni kweli kuwa malaria Iringa na Mbeya ni kidogo kuliko pwani na Kanda ya Ziwa, lakini mwili usioizoea malaria ndio unaougua vibaya zaidi ikiupata. Baridi humchelewesha mbu kukua, haimzuii.

Sheria inasemaje?

Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama, na alifundisha kuwa kuondoa chenye kuudhi njiani ni tawi la imani. Mafakihi nao wameweka kanuni kuwa madhara huondolewa, na kanuni nyingine kuwa madhara hayaondolewi kwa kuleta madhara mfano wake. Kanuni hii ya pili ndiyo tunayoisahau. Mtu huamka asubuhi, akachimba mfereji kutoka uani kwake hadi kwenye uzio wa jirani, akarudi ndani akiona amemaliza kazi. Hajamaliza kitu, amelihamisha dimbwi tu, na dhambi ameiongeza.

Imepokewa katika Sahih Bukhari kuwa Zubayr (R.A.) aligombana na mtu wa Ansari juu ya mifereji ya maji ya Harra, na Mtume (S.A.W.) akamwelekeza anyweshe mitende yake kisha ampelekee jirani maji. Maana yake ni kwamba aliye juu hayamiliki maji peke yake. Anamfikiria aliye chini. Ikiwa hivyo ndivyo katika maji yanayotakiwa, basi je, maji yanayokimbiwa?

Aliye chini naye ana wajibu. Katika Muwatta ya Imam Malik kuna kisa cha Dhahhak bin Khalifa, aliyetaka kupitisha mfereji katika ardhi ya Muhammad bin Maslama (R.A.), naye akakataa, ilhali mfereji ule ungewafaa wote wawili bila kumdhuru yeyote. Umar bin Khattab (R.A.) aliamuru upitishwe. Wanazuoni wamekhitilafiana kama jirani anaweza kulazimishwa, lakini sijui ni mwanachuoni gani atakayemsifu anayeziba njia ya maji kwa ubishi tu.

Kazi yenyewe

Kazi hii haihitaji mkandarasi. Inahitaji sururu, koleo, kamba na subira. Kwanza, mvua ikinyesha toka nje utazame maji yanatoka wapi na yanakwama wapi. Mara nyingi chanzo ni paa. Paa la mita 10 kwa 8, kwa mvua ya milimita 20, humwaga lita 1,600, yaani ndoo kubwa 80. Ukiyakinga kwa tangi, umepunguza dimbwi na umepata maji ya kutawadhia na kufulia.

Pili, inua udongo unaogusa ukuta ili ardhi iteremke kuondoka nyumbani, kama sentimita 5 kwa kila mita. Tatu, chimba mtaro wenye mteremko wa walau sentimita 1 kwa kila mita. Usikadirie kwa jicho. Tumia kamba na pima maji. Ukitaka kuufunika, tandika kokoto, laza bomba lenye matundu yakitazama chini, kisha jaza kokoto juu. Wazungu huuita mtaro huu kwa jina la French, na wengi hudhani ni wa Ufaransa. La, ni jina la Henry Flagg French, Mmarekani aliyeueleza katika kitabu chake cha mwaka 1859.

Nne, maji yafike wapi? Kama kuna mtaro wa mtaa, yapeleke huko. Kama hakuna, chimba shimo la kunyonya maji, ulijaze mawe, mbali na msingi wa nyumba, choo na kisima. Kabla ya hapo pima udongo: chimba kishimo cha sentimita 30, kijaze maji, yakiisha kijaze tena. Yakiwa bado yapo kesho yake, udongo wako ni mfinyanzi na shimo halitakufaa. Kumbuka pia kuwa mawe huacha nafasi ya theluthi moja hivi tu, hivyo shimo la mita moja na nusu za ujazo hubeba lita 500 tu kwa mara moja. Lisaidie kwa tangi. Katika Surat Al-Mu'minun aya ya 18 Mola ametaja kuwa huyateremsha maji kwa kipimo na kuyatuliza ardhini. Nasi tunalolifanya ni kuyafungulia mlango.

Tuanzie msikitini

Ndugu zangu, misikiti yetu mingapi maji ya udhu hutiririka hadi mlangoni mwa jirani, ambaye pengine si Muislamu? Anatuhukumu kwa dimbwi lile kabla hajasikia khutba yetu. Kamati za misikiti zilianzie hapo kabla ya zulia jipya na spika mpya. Kisha wenye nyumba wa safu moja wakae shura wakati wa kiangazi, wakubaliane mtaro mmoja kutoka juu hadi chini, kila mmoja achimbe kipande chake, na kipande cha mjane na mzee kichimbwe na vijana. Halmashauri ina wajibu wake na tuidai, lakini kuingoja si udhuru wa kumlaza mtoto kando ya maji machafu.

Allah (S.W.) atujaalie mvua yenye manufaa, na atujaalie tuwe majirani ambao watu wamesalimika na shari zao. Amin. Wabillahi tawfiq.