Kelele au Muziki? Tusikilize Kwanza

Kila ufikapo msimu wa tamasha, shule zetu hugeuka kuwa viwanja vya nyimbo. Wanafunzi hufunzwa kuimba, kupiga ngoma na kuinama mbele ya waamuzi, nao walimu huota alama hata usingizini. Sina ugomvi na mashindano hayo. Nami nimesimamia kwaya kwa miaka mingi. Hata hivyo, katika pilkapilka hizo zote sijaona mahali ambapo mwanafunzi hufunzwa kusikiliza, hasa kuusikiliza muziki asiouzoea na ambao huenda asiupende.

Ndiyo sababu mwaka jana nilianzisha chama kidogo cha kusikiliza muziki wa majaribio, yaani ule ambao watunzi wake wameziacha kwa makusudi kanuni za mahadhi, mapigo na ala tunazozijua. Tulihitaji darasa tupu, spika moja na saa moja ya Ijumaa jioni. Walikuja wanafunzi kumi na wanne. Siku ya kwanza nilikosea: niliwapa kazi ya karibu saa nzima, na kabla haijafika nusu saba walikuwa wamekwisha kutoka. Tangu siku hiyo hatuzidishi dakika kumi.

Wiki iliyofuata tulisikiliza kazi ya Halim El-Dabh. Mnamo 1944, mjini Cairo, kijana huyo Mmisri alichukua kinasa sauti kilichotumia waya, akanasa sauti za wanawake katika sherehe ya zar, ambayo ni ngoma ya kupunga pepo. Kisha, katika studio ya redio, akaziondolea baadhi ya sehemu zake na kuzitia mwangwi hadi ukabaki mvumo tu. Hiyo ilikuwa miaka minne kabla ya Mfaransa Pierre Schaeffer kunasa sauti za magarimoshi jijini Paris na kuyafanya muziki uliotangazwa redioni mwaka 1948. Masimulizi mengi ya muziki wa aina hii huanzia Paris, nasi tukayameza hivyo hivyo.

Sikuwa nimewaeleza wanafunzi lolote kati ya hayo. Santuri ilipokwisha, msichana mmoja mzaliwa wa Pwani alisema kwamba hiyo ni ngoma ya pepo isikikayo kutoka mbali, usiku, mtu akiwa kitandani. Nilinyamaza. Mwalimu aliyetangulia kueleza angalimnyang'anya mtoto yule ugunduzi wake.

Kanuni yetu ni moja. Hakuna aruhusiwaye kusema kwamba kazi fulani ni nzuri au mbaya mpaka kila mmoja ataje jambo moja alilolisikia. Mmoja husikia chuma, mwingine maji, wa tatu husikia kwamba sauti fulani imerudi mara tatu. Mtu akiwa peke yake, kidole chake huizima sauti ngeni kabla ya nusu dakika kupita. Akiketi na wenzake, haya humzuia kuondoka, na ule mkao wa haya ndio unaompa nafasi ya kusikia.

Mwalimu mwenzangu mmoja, ambaye namheshimu, alinilaumu katika chumba cha walimu kwamba nawapotezea watahiniwa wakati kwa kelele tupu. Nilimkumbusha diwani ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974. Je, hawakuwapo waliodai kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi kamwe? Leo yeye mwenyewe hufundisha mashairi huru, tena kwa furaha. Hakunijibu, ila sidhani kwamba nilimshawishi. Na kwa kweli anayo hoja: si kila kelele ni kazi ya sanaa, na baadhi ya kazi tulizozisikiliza zilituchosha sote, mimi nikiwa wa kwanza.

Iliyoleta kicheko zaidi ni kazi ya Mmarekani John Cage, ambayo David Tudor aliipiga kwa mara ya kwanza huko Woodstock, katika jimbo la New York, tarehe 29 Agosti 1952. Mpiga piano huketi dakika nne na sekunde thelathini na tatu bila kugusa kitufe chochote. Tuliifanya wenyewe, bila piano. Dakika ya kwanza ilikuwa ya vicheko. Ya tatu tulisikia sufuria ikiburutwa jikoni, mwalimu wa zamu akifoka, na upepo kwenye mabati. Mvulana mmoja alisema amekaa shuleni humo miaka mitatu bila kuyasikia mabati yale.

Muhula uliopita tulimsikiliza KMRU, yaani Joseph Kamaru wa Nairobi, mjukuu wa mwimbaji mashuhuri wa jina hilo hilo, ambaye albamu yake Peel ilitoka mwaka 2020. Waliposikia kwamba yeye hukusanya sauti za mahali alipo na kuzifanya muziki, waliniomba simu yangu. Wamekwisha kunasa kinu cha kusaga mahindi na kituo cha matatu cha hapa mjini. Ijumaa hii tutazima taa na kuzisikiliza, nami, kama wengine, nitangoja zamu yangu ya kutaja jambo moja nililolisikia.