Kamongo na Zile Sifa Saba

Ndugu wanafunzi, sote twazikariri sifa saba za vitu vyenye uhai: kula, kupumua, kukua, kujongea, kuhisi, kuzaa na kutoa taka. Hata hivyo, lori la simenti litokalo Tororo, lingojalo forodhani Busia, nalo lanywa mafuta, latoa moshi, tena lakwenda! Halikui wala halizai. Hapo sina shaka.

Shida ni kamongo. Kinamasi kikikauka hujifukia topeni, hali wala hajongei, akiishi kwa nyama ya mwili wake mwenyewe hata mvua zirudi. Ahesabuye sifa kwa vidole angemwita mzoga, naye yu apumua polepole kwa mapafu. Kwa maoni yangu, mtihani usituambie tuzitaje sifa tu. Utupe bonge la tope kavu, utuulize: humu mna uhai? Na sababu tuzitoe.